Charles na Frederick Patterson: Wahunzi wa Greenfield Waliounda Gari

Anayeishi Laini Saba huamshwa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya nyayo za watu wanaoifuata reli alfajiri kuelekea Eneo la Viwanda, maana nauli ya kila siku si jambo la kutegemea. Ya pili huanza jua likishachomoza, nayo ni ya nyundo. Mafundi wa jua kali hukunja mabati, hufua majiko na masanduku ya wanafunzi wa bweni, na pale lori au matatu iliyogongwa inapoletwa, huinyosha ubavu mpaka mwenyewe akasahau kwamba iligongwa. Mimi nimekulia katika kelele hizo, na kwa muda mrefu sikuzihesabu kuwa elimu.

Nimeanza na nyundo kwa sababu ya mjadala uliozuka baina yetu wanafunzi muhula uliopita. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba hakuna mtu mweusi aliyepata kumiliki kampuni ya kuunda magari zama zile magari yalipokuwa machanga. Akaongeza kwamba mradi wetu wa gari la Nyayo, ulioanza mwaka 1986 na kuishia katika magari machache ya mfano yaliyoonyeshwa mwaka 1990, ni ushahidi tosha kwamba kazi hiyo haituwezekani. Wengine walicheka, wengine waliafiki. Mimi nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kujibu. Makala haya ni jibu langu lililochelewa, na yanahusu baba na mwana ambao wasomi wa historia ya magari nchini Marekani wanawafahamu vyema, ilhali kwetu hata majina yao hayatajwi.

Charles Richard Patterson alizaliwa mwaka 1833 katika shamba moja la jimbo la Virginia, akiwa mtumwa tangu kuzaliwa. Jinsi alivyofika katika mji mdogo wa Greenfield, kusini mwa jimbo la Ohio, husimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema kwamba alitoroka peke yake mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikianza, akavuka milima ya Allegheny kwa miguu na kisha Mto Ohio. Wapo pia wanaosema kwamba wazazi wake ndio waliohamia Greenfield pamoja na watoto wao katika miaka ya 1840, huenda baada ya kuununua uhuru wao. Naelemea masimulizi haya ya pili, ijapokuwa hayana msisimko wa yale ya kwanza. Sisi wasimulizi tunampenda mno mtoro anayekimbizwa usiku, hata tukasahau kwamba familia nyingi zilijikomboa polepole, kwa senti zilizofichwa miaka na mikaka.

Vyovyote iwavyo, Greenfield ulikuwa mji wenye watu wengi waliouchukia utumwa. Ohio lilikuwa jimbo huru, na ng'ambo ya mto lilianza eneo la majimbo ya watumwa. Hata hivyo uhuru huo ulikuwa na mipaka. Sheria ya mwaka 1850 ilimruhusu bwana kumfuata mtumwa wake hadi katika majimbo huru na kumrudisha kwa pingu, na aliyemsaidia mtoro aliadhibiwa. Kijana mweusi aliyejifunza kazi katika mji kama huo alijifunza huku akitazama nyuma.

Kazi aliyojifunza ni uhunzi. Aliajiriwa katika kampuni ya Dines and Simpson ya hapo Greenfield, iliyotengeneza magari ya kukokotwa na farasi. Heri nikae kidogo juu ya kazi hiyo, kwani bila ya kuielewa hatutaelewa yaliyofuata. Gari la farasi lilihitaji mafundi wa aina nyingi chini ya paa moja. Seremala alichonga kitovu cha gurudumu, mataruma na duara la nje. Mhunzi alifua pete ya chuma iliyo ndogo kidogo kuliko gurudumu lenyewe, akaipasha moto mpaka ikatanuka, akaivisha ikiwa nyekundu na kuimwagia maji. Chuma kiliposinyaa kilibana mbao zote zikawa kitu kimoja. Mhunzi huyo huyo ndiye aliyefua ekseli na kupanga bapa za springi, na kosa lake moja liliweza kumwua abiria kwenye mteremko. Kisha walikuja washonaji wa ngozi kwa ajili ya viti, halafu wapaka rangi, ambao walipaka mkono juu ya mkono, wakasugua kila mmoja ulipokauka. Ukiondoa injini, mtambo wa kuelekeza na taa za umeme, gari la kwanza la petroli halikuwa na kitu ambacho watu hawa hawakukijua.

Mwaka 1873, miaka minane tu baada ya vita na utumwa kukoma, Patterson aliingia ubia na mzungu mmoja, James P. Lowe. Karakana yao iliitwa kwa jina la Lowe, na si vigumu kufahamu ni kwa nini jina hilo ndilo lililotangulia. Ubia ulidumu miaka ishirini. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya. Mabenki yalifungwa, kampuni za reli zikafilisika. Katika mwaka huo huo ambao wengine walikuwa wakiuza na kukimbia, Patterson alilinunua fungu la mwenzake na kuwa mmiliki wa pekee. Kampuni ikaitwa C.R. Patterson, Son and Company, yaani Patterson na mwanawe. Aliyezaliwa akiwa mali ya mtu sasa alikuwa na jina lake juu ya mlango, naye alikuwa na umri wa miaka sitini.

Waliofanya kazi humo walikuwa weusi na weupe pamoja, jambo lililokuwa nadra wakati huo. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20, karakana ilitengeneza aina 28 za magari ya farasi. Lililosifika zaidi lilikuwa kigari cha madaktari, chepesi na chenye kifuniko, kwa ajili ya tabibu aliyelazimika kumfuata mgonjwa kijijini usiku wa mvua. Daktari hanunui pambo. Hununua chombo kisichokatika njiani, na kwamba madaktari walivipenda vigari vya Patterson ni sifa isiyohitaji tangazo.

Hapa ndipo anapoingia mwana, Frederick Douglas Patterson, aliyezaliwa mwaka 1871. (Msomaji asimchanganye na Frederick Douglass Patterson mwingine, mwanaelimu aliyekiongoza chuo cha Tuskegee baadaye. Majina yamewapoteza wengi.) Katika miaka ya 1880 kijana huyu alinyimwa nafasi katika shule ya sekondari ya Greenfield kwa sababu ya rangi yake. Baba yake aliishtaki bodi ya shule mahakamani, akashinda, na mwanawe akasoma. Tukitafakari, hilo si jambo dogo. Mfanyabiashara anayewauzia weupe magari anaposhtaki viongozi wa mji wake, anaweka rehani wateja wake wote. Charles Patterson alijua hesabu hiyo, na hata hivyo akaenda mahakamani.

Frederick aliendelea hadi Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambako mwaka 1891 alikuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho. Hakumaliza masomo. Alikwenda Louisville, jimboni Kentucky, kufundisha historia, na pengine angezeeka huko mkononi akiwa na chaki. Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Ndugu yake Samuel, ambaye ndiye aliyekuwa akimsaidia baba karakanani, aliugua na kufariki mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mwalimu wa historia alirudi Greenfield kuvukuta.

Baba alifariki mwaka 1910. Alimwachia mwanawe karakana yenye heshima katika biashara iliyokuwa imeanza kufa bila ya wengi kujua. Magari yasiyo na farasi yalikuwa yakionekana barabarani, kwanza kama vichekesho vya matajiri, kisha kwa wingi wa kutisha. Henry Ford alikuwa ameanza kuuza gari lake la Model T mwaka 1908. Watengenezaji wa magari ya farasi kote Marekani walijikuta katika njia panda. Familia ya Studebaker ya Indiana, iliyokuwa ikitengeneza mikokoteni tangu mwaka 1852, iligeukia magari ya injini na kudumu hadi miaka ya 1960. William Durant, aliyeiunda General Motors mwaka 1908, naye alitokea katika biashara ya magari ya farasi. Kwa hiyo lile wazo lililomjia Frederick halikuwa ndoto ya mtu aliyekosa kazi. Lilikuwa wazo la watu wa fani yake. Tofauti ni kwamba Durant aliweza kubisha mlango wa benki akafunguliwa.

Frederick hakukurupuka. Kwanza karakana ilipokea magari ya watu wengine kwa ukarabati. Walianza na yale waliyoyajua, yaani kupaka rangi upya na kushona viti, kisha wakaingia katika umeme na injini. Walijifunza gari kwa kulifungua na kulifunga. Ndiyo njia ambayo fundi wa Kawangware hujifunza hadi leo, nami sioni kwa nini ionekane ya aibu ikitajwa Nairobi na ya kishujaa ikitajwa Ohio.

Tarehe 23 Septemba 1915 gari la kwanza la Patterson-Greenfield lilitoka karakanani. Lilikuwa na injini ya silinda nne iliyonunuliwa kutoka kampuni ya Continental, yenye nguvu ya farasi 30, na liliweza kwenda maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80 hivi. Liliwashwa kwa umeme, si kwa mkono wa kuzungusha uliokuwa ukiwavunja watu vifundo. Taa zake pia zilikuwa za umeme, na kioo cha mbele kiligawanyika ili kupitisha hewa. Yalikuwapo maumbo mawili, moja la watu wawili na jingine la familia. Bei ilikuwa dola 850.

Kiasi hicho cha dola 850 kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwani ndani yake mna kisa chote. Ni bei ile ile ambayo Ford aliliuzia Model T la familia lilipoanza mwaka 1908. Katika miaka saba iliyofuata, Ford hakuipandisha bei. Aliishusha mwaka baada ya mwaka, na kufikia majira hayo ya mwaka 1915 gari lake liliuzwa kwa takribani nusu ya hiyo. Siri ilikuwa mkanda wa kuunganishia magari uliowekwa katika kiwanda cha Highland Park mwaka 1913. Fasisi ya gari, iliyokuwa ikiunganishwa kwa zaidi ya saa kumi na mbili, sasa iliunganishwa kwa muda wa saa moja na nusu. Desemba 1915, chini ya miezi mitatu baada ya Patterson kutoa gari lake la kwanza, Ford alitoa gari lake la milioni moja.

Jumla ya magari yaliyoundwa Greenfield hukadiriwa kuwa kati ya 30 na 150. Tukichukua hesabu ya juu kabisa, kiwanda cha Ford, ambacho wakati huo kilitoa zaidi ya magari laki tano kwa mwaka, kingeyamaliza hayo yote kwa saa chache za siku moja. Wanaosema kwamba Patterson alishindwa kwa sababu gari lake lilikuwa duni wamekosea, kwa kuwa kwa vifaa vyake lilikuwa bora kuliko la Ford, lililokuwa bado likiwashwa kwa mkono. Wanaosema kwamba lilikuwa bora na kwa hiyo lilistahili kushinda nao hawajakaribia ukweli. Soko halikuwa shindano la ubora. Anayefua mia moja hununua chuma kwa bei ya rejareja, na anayefua laki tano humpangia mwuza chuma bei. Ili kuziba pengo hilo Frederick angehitaji mtaji mkubwa. Alikuwa makamu wa rais katika Jumuiya ya Kitaifa ya Wafanyabiashara Weusi iliyoasisiwa na Booker T. Washington, na hivyo hakuwa mtu asiyejulikana. Lakini weusi wenyewe hawakuwa na fedha za kutosha kununua magari kwa wingi, na wenye fedha za kukopesha hawakuwa wakimkopesha mtu wa rangi yake kwa kiasi cha kujenga kiwanda cha kushindana na Detroit.

Wasimulizi wengi huishia hapo, wakafunga kitabu kwa majonzi. Mimi naona sehemu ya kusisimua zaidi ndiyo inayoanza. Frederick aliachana na gari zima lakini hakuachana na magari. Karibu na mwaka 1920 kampuni iligeuzwa na kuitwa Greenfield Bus Body Company. Ilinunua fasisi zenye injini kutoka kwa Ford, General Motors na wengineo, yaani kutoka kwa wale wale waliomshinda, na kuzijengea mabodi ya mabasi na malori. Wilaya za shule za Ohio zilikuwa zikianza kuwasafirisha wanafunzi wa mashambani, na mabasi ya Greenfield yaliwabeba wengi wao. Bodi la basi ni kazi ya seremala, mhunzi, mshona viti na mpaka rangi. Karakana ilikuwa imerudi katika ujuzi wake wa mwaka 1873, safari hii ikiwa imepanda juu ya injini ya mtu mwingine.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa kazi hiyo ilivyo. Matatu zetu za mwanzo zilikuwa vigari vikuukuu, vikiwamo vya Ford Thames, vilivyobeba abiria kwa mapeni matatu bila ya kibali hadi tamko la Rais Kenyatta la mwaka 1973 lilipovihalalisha. Baadaye palizuka karakana za kujenga mabodi jijini. Fasisi ya lori huja ikiwa uchi, na injini yake, usukani na magurudumu, kisha mafundi huunganisha mbavu za vyuma, hupigilia mabati, hushona viti, huweka madirisha, na mwishowe mchoraji hupaka nyuso za wanamuziki na wanasoka. Nikisimama kituoni Kawangware nikilisubiri la 46, natazama viungo vya bodi na kujiuliza ni nani aliyeupinda ule mbavu wa chuma juu ya mlango hata ukakaa sawasawa. Jina la kampuni ya Kijapani limeandikwa mbele. La aliyeupinda halipo popote. Frederick Patterson angeifahamu hali hiyo bila ya kuelezwa, maana mabasi yake pia yalibeba injini zenye majina ya wengine.

Kwa takribani miaka kumi biashara hiyo ilistawi. Halafu mwaka 1929 masoko ya hisa yaliporomoka, na halmashauri za shule zikakosa fedha za mabasi. Viwanda vikubwa vya kaskazini navyo vikaanza kuunda mabasi mazima kwa mashine zenye uwezo wa kuyakandamiza mabati kwa pigo moja, kazi ambayo Greenfield waliifanya kwa nyundo. Frederick alifariki mwaka 1932, akiwa na umri wa miaka 60 au zaidi kidogo. Mwanawe, Postell, alishika usukani katika miaka migumu kuliko yote.

Mwaka 1938 Postell aliihamisha kampuni kutoka Greenfield hadi mji wa Gallipolis, akitafuta mahali pa kuanzia upya, na akaibadilisha jina kuwa Gallia Body Company. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1873 karakana ya familia hiyo haikuwa tena katika mji wa babu. Haikufua dafu. Mwaka 1939 ilifungwa.

Gallipolis uko ukingoni mwa Mto Ohio. Ng'ambo yake ni West Virginia, ambayo hadi mwaka 1863 ilikuwa sehemu ya Virginia, jimbo alikozaliwa Charles Patterson akiwa mali ya mtu.

Mwaka 2021 baba na mwana waliingizwa pamoja katika Ukumbi wa Heshima wa Magari ulioko Dearborn, Michigan, mji wa nyumbani wa Ford. Baadhi ya vigari vyao vya farasi vimehifadhiwa na bado vinaweza kuonekana, magurudumu yakiwa yamebanwa vilevile na pete zake za chuma. Gari la Patterson-Greenfield halijapatikana hata moja.